Kutoka Mwamba hadi Chembe: Historia ya Shaba katika Udongo wa Kasese na Mafunzo Yake kwa Matumizi ya Chembe Nano za Metali katika Kilimo

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya shaba katika Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, tangu madini hayo yalipotambuliwa Kilembe mwaka 1906 hadi sasa, kwa lengo la kutathmini mjadala mpya kuhusu matumizi ya chembe nano za metali katika kilimo. Hoja kuu ni kwamba madhara ya shaba katika bonde la Mto Nyamwamba hayakutokana na uwepo wa metali yenyewe, kwa kuwa ilikuwamo mwambani tangu zamani, bali yalitokana na kusagwa kwake na kuachwa wazi kwa hewa na maji. Chembe nano ni hatua ya mbali zaidi katika mkondo huohuo wa kupunguza ukubwa. Hata hivyo, udhibiti wa metali katika kilimo umezoea kuhesabu uzito. Makala inapendekeza kwamba maeneo ya wilaya hiyo yaliyo nje ya bonde la mgodi, Nyakiyumbu likiwa mfano, yapimwe udongo wake kabla ya bidhaa hizo kuingia, na kwamba ukubwa na umbo la chembe vizingatiwe katika usajili wa pembejeo.

1.0 Utangulizi

Nyakiyumbu ni eneo la Bukonzo, karibu na Bwera na mpaka wa Mpondwe, kati ya vilima vya Rwenzori na Ziwa Edward. Wakazi wake wengi ni Wakonzo, na kwa vizazi kadhaa wameishi kwa jembe: pamba, mahindi, maharage na muhogo katika sehemu za chini, kahawa na migomba katika miinuko. Pamba ya ukanda huu ndiyo iliyokipa nguvu Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyakatonzi, na kahawa aina ya arabika ya milimani imekuwa tegemeo la kaya nyingi za Bukonzo. Kwa jamii ya namna hii, udongo ndio akiba, ndio urithi, na mara nyingi ndio bima pekee.

Katika miongo miwili iliyopita, watafiti wa kilimo duniani wamekuwa wakijaribu kutumia chembe ndogo mno za metali, hasa shaba, zinki, chuma na fedha, kama mbolea ya virutubishi vidogo au kama kinga dhidi ya magonjwa ya mimea. Ahadi yake ni kubwa: dawa kidogo, mazao mengi. Mshauri wa sera anayeulizwa kama teknolojia hiyo ifunguliwe mlango hutazama kwanza matokeo ya maabara. Makala hii inashauri kwamba Kasese ina ushahidi mwingine usiopaswa kupuuzwa, nao ni historia yake yenyewe. Ni wilaya ambayo imekwisha kuishi na metali iliyosagwa kwa muda unaozidi miaka sitini.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Katika makala hii, istilahi "chembe nano" inatumika kwa maana ya chembe ambayo walau kipimo chake kimoja kiko kati ya nanomita 1 na 100. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Tume ya Ulaya, katika pendekezo lake la mwaka 2011, ilieleza mada nano kuwa ni ile ambayo asilimia 50 au zaidi ya chembe zake, kwa idadi, zimo katika kiwango hicho. Maneno "kwa idadi" yana uzito wa pekee. Katika mchanganyiko wowote wa unga, chembe ndogo huweza kuwa nyingi mno kwa hesabu ilhali uzito wake wote ni mdogo. Anayepima kwa mizani peke yake hazioni.

Jambo la pili ni eneo la uso. Mchemraba wa shaba wenye upande wa sentimita 1 una uso wa sentimita 6 za mraba. Ukikatwa kuwa vichemraba vyenye upande wa nanomita 10, uzito wake haubadiliki hata kidogo, lakini uso wake unafikia mita 600 za mraba. Mabadiliko ya kikemia kati ya metali, maji, hewa na mizizi hufanyika usoni. Kwa hiyo, kiasi kilekile cha shaba kinaweza kulala kimya katika hali moja na kuwa kikali katika hali nyingine. Kanuni hii ndiyo ufunguo wa historia inayofuata.

3.0 Shaba ya Kilembe, 1906–1982

Mwaka 1906, msafara wa Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia ulipopanda milima ya Rwenzori, mwanajiolojia wake, Alessandro Roccati, alibaini dalili za shaba. Utafutaji wa kina ulifuata mwishoni mwa miaka ya 1920 chini ya kampuni ya Tanganyika Concessions, lakini umbali kutoka pwani ulizuia uchimbaji. Kampuni ya Kilembe Mines iliundwa mwaka 1950 kwa mtaji uliotoka hasa Kanada. Mambo mawili yaliufanya mradi uwezekane: umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 huko Jinja, na reli iliyofika Kasese mwaka 1956. Mwaka huohuo uzalishaji ulianza.

Mwamba wa Kilembe ulikuwa na shaba ya takriban asilimia 2. Ili kuipata, mwamba ulisagwa hadi ukawa unga laini, kisha unga huo ukatenganishwa kwa maji na kemikali. Sehemu yenye shaba ilisafirishwa kwa reli hadi Jinja kuyeyushwa. Sehemu yenye piraiti na kobalti, ambayo wakati huo haikuwa na njia ya kuchenjuliwa kwa faida, ilirundikwa karibu na mji wa Kasese. Sehemu ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ilikuwa masalia ya uchenjuaji, yaani tope la mwamba uliosagwa, na ilimwagwa katika bonde la Mto Nyamwamba.

Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa miongoni mwa bidhaa tatu kuu za Uganda katika soko la nje, pamoja na kahawa na pamba. Takwimu za taifa za wakati ule zilihesabu tani za shaba iliyouzwa. Masalia hayakuwa na safu katika daftari hilo. Kampuni ya Falconbridge ya Kanada iliondoka mwaka 1975, katika utawala wa Idi Amin, na kazi ikadhoofika hadi mgodi ukafungwa mwaka 1982. Zaidi ya tani milioni 15 za masalia zilibaki bondeni.

Ni vema kutafakari kilichotendeka hapo. Kabla ya mwaka 1956, piraiti ya Kilembe ilikuwa imefungwa ndani ya mwamba kwa zama zisizohesabika, na Mto Nyamwamba ulipita juu yake bila kuugeuza udongo wa bondeni. Uchimbaji haukuongeza hata gramu moja ya shaba duniani. Ulichofanya ni kuisaga na kuianika. Piraiti iliyosagwa inapokutana na hewa na maji huzalisha asidi ya salfa, na asidi hiyo huyeyusha shaba, kobalti, nikeli na zinki iliyomo, kisha mvua huzibeba hadi mashambani. Kupungua kwa ukubwa wa chembe ndiko kulikoibadili metali iliyolala kuwa metali inayotembea.

4.0 Masalia baada ya Mgodi Kufungwa

Rundo la piraiti lililobaki Kasese, karibu tani milioni moja zenye kobalti ya takriban asilimia 1.4, lilikaa wazi kwa miongo kadhaa. Maji ya asidi yaliyotiririka kutoka humo yaliingia Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth na kuua uoto kuelekea Ziwa George, ziwa ambalo mwaka 1988 lilikuwa ardhioevu ya kwanza ya Uganda kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mwaka 1999 Kampuni ya Kobalti ya Kasese ilianza kulichenjua rundo hilo kwa kutumia bakteria wanaooksidisha piraiti. Kazi hiyo ilisimama kwa muda bei ya kobalti iliposhuka, ikarejea, na kufikia tamati katika muongo wa 2010 baada ya rundo kumalizika. Hivyo taka iligeuzwa mali, na sehemu moja ya tatizo ikaondolewa. Masalia ya bonde la Nyamwamba, hata hivyo, yalibaki.

Mto wenyewe ndio uliozidisha uenezi wake. Mafuriko ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020, yaliyoharibu vibaya Hospitali ya Kilembe, yalikula kingo za marundo na kusambaza tope katika makazi na mashamba ya chini. Mwaka 2013 mgodi ulikodishwa kwa kampuni ya Tibet Hima kwa matumaini ya kuufufua. Mkataba huo ulivunjwa mwaka 2017.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Abraham Mwesigye na wenzake ulipima masalia, udongo, vyakula, vumbi la nyumbani na maji ya eneo la Kilembe. Ulibaini kwamba asilimia 51 ya udongo wa kilimo uliochukuliwa sampuli ulikuwa umechafuliwa. Katika mchicha, asilimia 36 ya sampuli zilizidi kiwango cha zinki cha miligramu 99.4 kwa kilo, asilimia 19 zilizidi kiwango cha shaba cha miligramu 20 kwa kilo, na asilimia 47 zilizidi kiwango cha risasi cha miligramu 0.3 kwa kilo. Katika ndizi, asilimia 20 ya sampuli zilizidi kiwango hichohicho cha risasi. Hata hivyo, makadirio ya hatari kwa afya yaliyofanywa katika utafiti huo hayakuonyesha athari zinazotarajiwa kwa walaji.

Matokeo hayo yanastahili kusomwa kwa pande zote mbili. Hayatoi ruhusa ya kutangaza maafa, wala hayaruhusu utulivu. Jambo lililo wazi ni kwamba kipimo hicho kilichapishwa miaka 60 baada ya uzalishaji kuanza. Mkulima wa Kilembe aliyepanda mchicha mwaka 1970 hakuwa na mtu wa kumwambia udongo wake ulikuwa na nini kabla ya tope kufika. Wala mtafiti wa leo hana udongo wa mwaka 1955 wa kulinganisha nao. Hulazimika kutumia wastani wa dunia na viwango vya nchi nyingine.

5.0 Shaba kama Dawa: Kutoka Bordeaux hadi Mashamba ya Kahawa

Shaba haikuingia katika kilimo cha Afrika Mashariki kupitia migodi peke yake. Mwaka 1885 Pierre-Marie-Alexis Millardet wa Bordeaux, Ufaransa, alitangaza kuwa mchanganyiko wa mrututu na chokaa huzuia ukungu wa mizabibu. Dawa hiyo ilienea duniani kote. Mashamba ya kahawa ya Afrika Mashariki yaliihitaji kwa sababu mbili: kutu ya majani, ambayo kuvu wake alipewa jina la kisayansi mwaka 1869 kutokana na sampuli za Ceylon, na chulebuni, ugonjwa uliobainika Kenya mwaka 1922. Viuakuvu vya shaba viliokoa kahawa ya wakulima wengi, na si haki kuviandika katika historia kama kosa.

Lakini shaba haiozi. Inayodondoka kutoka majanini huingia udongoni, hushikwa na mboji na kubaki katika tabaka la juu, palepale mizizi midogo inapotafuta chakula. Utafiti wa Lepp na wenzake uliochapishwa mwaka 1984 ulifuatilia shaba ya viuakuvu katika udongo, majani yaliyoanguka na mimea ya mashamba ya kahawa ya Kenya yenye umri tofauti, na kuonyesha jinsi inavyolimbikizika. Umoja wa Ulaya, baada ya zaidi ya karne moja ya matumizi katika mizabibu, uliweka ukomo wa kilo 28 za shaba kwa hekta katika kipindi cha miaka 7, kuanzia mwaka 2019.

Kwa hiyo, kuna historia mbili za shaba zinazokwenda sambamba: ya taka na ya dawa. Zinatofautiana kwa nia, zinafanana kwa uhasibu. Katika zote mbili faida ilihesabiwa kila msimu, na limbikizo likahesabiwa baada ya kizazi kizima kupita.

6.0 Chembe Nano na Mmea: Yaliyokwisha Kuonekana

Mmea unahitaji shaba. Bila shaba, baadhi ya protini zinazosafirisha elektroni katika usanisinuru hazifanyi kazi. Hata hivyo, hitaji hilo ni dogo, na umbali kati ya kinachotosha na kinachodhuru ni mfupi. Shaba ikizidi, mizizi hudumaa, ufyonzaji wa chuma huvurugika na majani huwa ya njano. Swali la chembe nano ni kama ukubwa wake unasogeza mpaka huo.

Majaribio ya awali yalitoa tahadhari. Mwaka 2007 Lin na Xing wa Marekani walijaribu chembe nano za aina 5 kwa mimea 6, mahindi yakiwamo. Nyingi hazikuwa na athari kubwa, lakini zile za zinki na oksidi ya zinki zilizuia ukuaji wa mizizi kwa nguvu katika kiwango cha miligramu 2,000 kwa lita. Mwaka 2012 Wang na wenzake walionyesha kuwa chembe nano za oksidi ya shaba huingia katika mizizi ya mhindi, hupanda hadi majanini na kurudi tena mizizini. Mwaka huohuo Priester na wenzake walikuza soya katika udongo uliotiwa oksidi ya zinki na oksidi ya seri. Zinki ilijikusanya majanini na katika maharage yenyewe, na oksidi ya seri ikapunguza uwezo wa mizizi kushirikiana na bakteria wanaonasa nitrojeni. Kwa wakulima wasiomudu mbolea ya chumvichumvi, ambao rutuba yao hutegemea jamii ya kunde, tokeo hilo la mwisho si dogo.

Upande wa pili una ushahidi wake pia. Mwaka 2016 Elmer na White wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Connecticut waliripoti kuwa kunyunyizia miche ya nyanya na biringanya oksidi ya shaba ya nano, kabla ya kuipanda katika udongo wenye vimelea vya magonjwa, kuliongeza mavuno kwa takriban theluthi moja. Kiasi kilichotumika kilikuwa kidogo na kilielekezwa kwenye mche, si kwenye shamba zima.

Tofauti kati ya matokeo haya si mkanganyiko. Dozi, udongo na njia ya kuweka dawa ndivyo vinavyoamua. Udongo wenye mboji na mfinyanzi hushika chembe na kupunguza makali yake. Udongo wenye asidi huyeyusha oksidi ya shaba na kuachia ioni kwa haraka. Tokeo zuri la Connecticut haliwezi kuhamishiwa Bukonzo bila kupimwa Bukonzo, na tokeo baya la maabara vilevile.

7.0 Nyakiyumbu kama Eneo la Ulinganisho

Nafasi ya Nyakiyumbu kijiografia ndiyo inayolipa umuhimu katika hoja hii. Masalia ya Kilembe hushuka kwa Mto Nyamwamba kuelekea Ziwa George. Nyakiyumbu liko kusini-magharibi zaidi, ambako mito hushuka moja kwa moja hadi Ziwa Edward. Maji ya Ziwa George hufika Ziwa Edward kupitia Mfereji wa Kazinga, lakini tope la mgodi halitelemki katika mashamba ya Nyakiyumbu. Watu ni walewale, mazao ni yaleyale, milima ni ileile. Kilichotofautiana ni kwamba huku mwamba uliosagwa haukumwagwa.

Kutokana na hali hiyo, eneo hilo linaweza kuipa Kasese kile ambacho Kilembe ilikikosa: kumbukumbu ya udongo kabla ya badiliko. Sampuli za mashamba ya pamba, mahindi, maharage na kahawa zikichukuliwa sasa, zikapimwa shaba, zinki, uchachu na mboji, kisha sehemu yake ikahifadhiwa, zitakuwa rejea kwa mtafiti wa mwaka 2060. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ile ya kusafisha bonde.

8.0 Mafunzo kwa Sera

Historia iliyoelezwa inaleta mapendekezo manne. Kwanza, mamlaka zinazosajili kemikali za kilimo, ambazo nchini Uganda hufanya kazi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kemikali za Kilimo ya mwaka 2006, zidai mwombaji aeleze ukubwa, umbo na upako wa chembe, na si uzito wa metali peke yake. Bidhaa ya shaba iliyosajiliwa katika umbo la kawaida isihesabiwe kuwa imesajiliwa katika umbo la nano.

Pili, ruhusa ya majaribio ya shambani iambatane na kipimo cha awali cha udongo na ratiba ya vipimo vya marudio, na vijumuishe vinundu vya mizizi ya maharage.

Tatu, ukomo uwekwe kwa limbikizo la miaka, si kwa dozi ya msimu mmoja. Hesabu hiyo ijumlishe metali kutoka vyanzo vyote: mgodi, viuakuvu vya kawaida na chembe nano. Mmea hauulizi shaba ilitoka wapi.

Nne, mjadala ufanyike kwa lugha ambazo mkulima anazijua. Lebo ya dawa inayosomeka kwa Kiingereza tu haimsaidii mnunuzi wa Mpondwe, ambako bidhaa huvuka mpaka kila siku na ambako Lhukonzo na Kiswahili ndizo lugha za soko. Vyama vya ushirika, vinavyofikia kaya hadi milimani, ni njia iliyo tayari kwa kazi hiyo.

9.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba shaba ya Kasese ilipita katika hali tatu: mwamba, unga na ioni. Kila mpito uliongeza uwezo wake wa kutenda, kwa manufaa na kwa madhara, ilhali vitabu vya hesabu viliendelea kuandika tani. Chembe nano si jambo geni kwa wilaya hii kama inavyodhaniwa, kwa kuwa ni mwendelezo wa kusaga kulikoanza mwaka 1956. Hakuna sababu ya kihistoria ya kuzikataa moja kwa moja, na hakuna sababu yoyote ya kuzipokea bila kipimo. Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Katika bonde la Nyamwamba ukuta huo bado unajengwa, kwa gharama ya watu ambao hawakuuza shaba. Nyakiyumbu lingali na nafasi ya kuziba ufa.